Kiti Mbele ya Skrini

Katika vibanda vingi vya gemu, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, kuna sheria ya kiti ambayo haijaandikwa popote: aliyefungwa anainuka. Mshindi anabaki na kontrola mkononi, anayefuata analipa na kukaa. Mwenye kibanda anaipenda kwa sababu fedha inazunguka. Mchezaji hodari anaipenda zaidi, maana anaweza kukaa kutwa nzima kwa hela ya mechi moja. Anayeanza ndiye anayeumia: analipa, anafungwa ndani ya dakika tatu, kisha anasimama nyuma kungoja zamu nyingine.

Mvulana huvumilia. Anafungwa Jumamosi hii na ile inayofuata, wenzake wanamtania utani wa kijiweni, anakwenda nyumbani na kesho yake yupo tena. Baada ya miezi sita yeye ndiye anayewainua wengine. Msichana akiingia kibanda hicho hicho hukuta mambo mengine. Macho yote yanageuka. Akifungwa, hakuna anayemweleza kwamba alichelewa kukinga. Anaambiwa kwamba wasichana hawawezi. Akishinda, aliyefungwa anadai alimwachia. Anavumilia mara moja, mara mbili, na mara ya tatu haonekani. Miaka mitano baadaye mwandaaji wa mashindano anapitia orodha ya washiriki, haoni jina la mwanamke, anaamini kwamba wanawake hawapendi gemu za ushindani.

Imani hiyo ina madhara, kwa sababu humfanya kila mwenye nia njema apeleke nguvu mahali pasipo na tatizo. Semina za hamasa zinaandaliwa, fulana za waridi zinachapishwa, mabango ya wasichana wanaotabasamu yanabandikwa ukutani. Hamasa msichana anayo tayari. Anachokosa ni saa: saa za kukaa kwenye kiti, kufungwa, kusahihishwa na kurudia, tena akiwa karibu na mtu anayemzidi.

Mwaka 2016 watafiti Cuihua Shen, Rabindra Ratan na wenzao walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wachezaji zaidi ya 10,000 wa gemu mbili za mtandaoni, EverQuest II ya Marekani na Chevaliers' Romance III ya China. Walitaka kujua nani hupanda ngazi haraka. Kwa kutazama juu juu, wanaume walionekana kuwa mbele. Watafiti walipozingatia muda ambao kila mmoja alikuwa ameutumia kucheza, pengo likafutika: wanawake walipanda kwa kasi ile ile, au zaidi.

Anayejua bao hatashangazwa na matokeo hayo. Bao halifundishwi kwa maneno matupu. Kijana hukaa barazani, huangalia mikono ya wazee ikisambaza kete, huthubutu swali moja, hucheza na kufungwa, hucheka na kuanza upya, mpaka siku moja mzee mmoja anamtazama kwa jicho jingine. Baraza hizo za mitaani kwa kawaida zimekuwa za wanaume, na mabingwa wanaotajwa mitaani ni wanaume. Wanawake waliocheza bao uani walicheza wao kwa wao, mbali na wale wazee.

Mtu akipewa muda na wapinzani wazuri, matunda yanaonekana. Februari 2018, huko PyeongChang, Korea Kusini, siku chache kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi, Sasha Hostyn wa Kanada, ajulikanaye kama Scarlett, alitwaa ubingwa wa StarCraft II katika mashindano ya Intel Extreme Masters. Fainali alimfunga Mkorea anayeitwa sOs, ambaye aliwahi kuwa bingwa wa dunia, kwa michezo 4 kwa 1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke kushinda mashindano makubwa ya gemu hiyo. Mwaka uliofuata, Li Xiaomeng wa China, anayetumia jina la Liooon, alishinda fainali ya dunia ya gemu ya Hearthstone kwenye tamasha la BlizzCon, California, kwa michezo 3 kwa 0, akaondoka na dola 200,000. Wote wawili walishindana na wanaume katika mashindano ya wazi.

Kazi ya kumpatia msichana saa hizo huanza nyumbani, na hapo wengi hupakimbia kwa sababu panagusa mambo ya vyombo na ufagio. Saa moja ya usiku, chakula kimeliwa. Kaka ananyanyuka mezani na kwenda sebuleni kuwasha mashine ya gemu. Dada ananyanyuka na kwenda kuosha sufuria, kumlaza mdogo wao na kuloweka maharage ya kesho. Anapomaliza ni saa tatu na nusu, macho mazito, na kaka yupo katikati ya mechi ambayo hawezi kuikatisha. Hakuna aliyemkataza kucheza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu hata huo wakati wa kucheza kwao hajaupata.

Mzazi anayetaka kusaidia achukue daftari na kuandika kwa wiki moja: nani alikaa mbele ya skrini, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Asiseme chochote wala kugombeza, aandike tu. Jumapili jioni ajumlishe mbele ya watoto wote. Tarakimu zitasema kile ambacho mama amekieleza kwa miaka bila kusikilizwa. Baada ya hapo ipangwe zamu ya vyombo, na zamu ya mashine ifuate zamu ya vyombo. Siku ambayo kijana anaosha, dada yake ndiye wa kwanza kukaa. Saa za shule na za kulala zibaki pale pale kwa wote wawili. Kinachogawanywa ni ule muda wa ziada ambao leo unamezwa na mtoto mmoja.

Hofu za wazazi zisipuuzwe, maana nyingi zina msingi. Ya kwanza ni kamari: mzazi akisikia mtoto ameshinda hela kwenye gemu, hufikiria mikeka ya kubeti. Ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo ielezwe wazi: mashindano ya gemu hulipa zawadi kwa ujuzi wa mchezaji mwenyewe. Kibanda kinachochanganya gemu na kubeti hakifai mtoto wa jinsia yoyote. Ya pili ni maudhui. Kwenye makasha ya gemu na kwenye duka la mtandaoni kuna alama ya umri, kwa mfumo wa Ulaya ni 3, 7, 12, 16 na 18, na mzazi asiyeitazama anajinyima msaada ulio mbele ya macho yake. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni watu wasiojulikana wanaozungumza na binti kupitia mtandao. Dawa yake ni mashine kukaa sebuleni, si chumbani, na mzazi kuketi mara moja kwa wiki kutazama mechi nzima, akiuliza maswali ya kijinga kadiri anavyotaka. Binti aliyezoea kumweleza baba yake kwa nini amefungwa hatapata taabu kumweleza kwamba kuna mtu anamwomba picha.

Kaka naye ana kazi. Sylvia Gathoni wa Kenya, ambaye wapenzi wa gemu ya kupigana ya Tekken wanamjua kama QueenArrow, alianza gemu nyumbani pamoja na kaka yake. Mwaka 2018 alisajiliwa na UYU, timu ya Marekani, akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kusajiliwa na timu ya kimataifa ya gemu, naye wakati huo akiwa mwanafunzi wa sheria. Ni rahisi kusimulia habari kama hiyo kwa kuanzia siku ya mkataba. Ila mkataba ulikuja baada ya miaka ya kontrola mbili kwenye mashine moja. Kaka anayetaka kuwa msaada wa kweli amfunge dada yake bila huruma, halafu asimamishe mchezo na kumwonyesha ni pigo gani lilimpita na lingekingwaje. Kumwachia ashinde ni dharau iliyovaa nguo za upendo, na msichana huigundua upesi.

Si kila nyumba ina mashine. Nyingi hazina, ndiyo maana kibanda kina uzito mkubwa kuliko programu yoyote ya hamasa. Ulimwengu wa Tekken ulipata somo hilo mwaka 2019. Kijana wa Lahore, Pakistan, Arslan Siddique, anayejulikana kama Arslan Ash, alishinda mashindano ya EVO ya Japani mwezi Februari, kisha yale ya EVO ya Las Vegas mwezi Agosti. Alipoulizwa siri yake, aliwaelekeza watu kwa wenzake wa nyumbani ambao dunia ilikuwa haijawasikia. Knee, gwiji wa Korea Kusini, alifunga safari hadi Pakistan kucheza nao. Hawakuwa na wadhamini wa kutisha wala intaneti ya ajabu. Walikuwa na sehemu za kukutana, na watu waliofungana kila siku kwa miaka.

Kibanda cha namna hiyo msichana akikaa ndani yake atakua kama wengine. Mwenye kibanda anaweza kukifanya kikalike bila kutumia fedha nyingi. Aanze na ile sheria ya kiti. Kwa saa mbili za mchana wa Jumamosi aiweke pembeni: skrini moja iwe ya mazoezi, watu wawili wakae pamoja wacheze michezo kumi mfululizo, walipie muda badala ya mechi. Wachezaji wa gemu za kupigana duniani kote wana desturi inayofanana na hiyo, kufukuzia ushindi wa kumi, kwa sababu katika michezo mingi anayefungwa hupata nafasi ya kumsoma mpinzani. Katika mchezo mmoja hapati kitu. Wavulana wanaoanza watafaidika vile vile, na mwenye kibanda atagundua kwamba mteja anayejifunza hurudi.

Kisha atazame chumba chenyewe. Taa inatosha? Mlango upo wazi, anayepita nje anaona ndani? Choo kina kufuli? Wapo vijana wanaovuta sigara kwenye benchi la nyuma? Mambo haya hayaonekani kuhusiana na gemu hata kidogo, lakini mama anayemleta binti yake huyaona kwa sekunde tano kisha hukata shauri. Muda wa wasichana uwe mchana, uishe jua likiwa bado juu. Akipatikana dada wa kukaa mezani kupokea fedha na kugawa zamu, apewe mamlaka ya kumtoa mtu nje, na mwenye kibanda amuunge mkono mara ya kwanza anapoyatumia. Mara hiyo ya kwanza ikilegalega, ya pili haitakuwapo.

Sheria za kauli ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya kila skrini. Ziwe chache. Matusi ya kumhusu mama wa mtu, maneno kuhusu mwili, kumgusa mtu aliye kwenye kiti: nje, na hela hairudishwi. Utani wa mchezo wenyewe ubaki. Kibanda kisicho na kelele kimekufa.

Wako wanaocheza kwa simu tu, nao wasichukuliwe kama wageni. Mwaka 2024 mjini Riyadh, katika Kombe la Dunia la michezo ya kielektroniki, mashindano ya wanawake ya Mobile Legends, gemu ya simu, yalikuwa na zawadi ya jumla ya dola 500,000. Yalitwaliwa na Smart Omega Empress wa Ufilipino, waliowashinda Team Vitality wa Indonesia katika fainali. Haikuwa bahati kwamba nchi hizo mbili ndizo zilizofika mwisho. Simu ya bei ya kati inapatikana zaidi mikononi mwa wasichana kuliko kompyuta ya gemu, na huko mashindano ya wanawake ya gemu hiyo yalikuwa yamechezwa kwa miaka kabla ya fedha za Riyadh kuja. Kwa Afrika Mashariki, kikundi cha shule au chuo chenye simu tano zinazofanya kazi, mwalimu mmoja anayekubali kukaa nao na bando la kutosha kina kila kitu cha kuanzia. Masasisho ya gemu yapakuliwe mahali penye Wi-Fi, yasile bando la mazoezi. Ikiwa seva ziko mbali na mchezo unachelewa kuitikia, kikundi kicheze chenyewe kwa chenyewe chumbani zaidi kuliko kutafuta wapinzani wa ng'ambo, maana mchezaji anayejifunza kwenye mtandao unaosuasua hujifunza makosa.

Kucheza na watu wasioonana kuna shida yake nyingine, nayo ni sauti. Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha mwaka 2013 matokeo ya jaribio lililofanywa ndani ya gemu ya Halo 3. Waliingia kwenye mechi na kucheza sauti zilizorekodiwa, maneno yale yale, mara kwa sauti ya kiume, mara kwa sauti ya kike, mara kimya. Sauti ya kike ilipokea maneno mabaya mara tatu zaidi. Miaka miwili baadaye Kuznekoff na Michael Kasumovic walichimba zaidi wakagundua jambo linalofaa kila msichana alijue kabla hajavaa vipokea sauti: waliokuwa wakimchokoza zaidi mwenye sauti ya kike ni wanaume waliokuwa wakicheza vibaya. Walio hodari walikuwa na adabu zaidi.

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba msichana azime maikrofoni. Kwa mechi za kupitisha muda, sawa. Kwa ushindani ushauri huo unamtoa mchezoni, kwa sababu katika gemu za timu anayenyamaza ni nusu mchezaji: hatoi taarifa za adui, haombi msaada, hajifunzi kuongoza. Njia bora ni asiingie peke yake. Wawili wanaojuana wakiingia kwenye timu ya wageni, kila mmoja ana wa kuzungumza naye hata wengine wakifungiwa sauti. Akitukanwa, asijibu, amfungie aliyetukana, aripoti kwa kitufe kilichomo ndani ya gemu, aendelee. Vitisho ni jambo jingine. Hapo apige picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na saa, kabla mhusika hajafuta, kisha amwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Zote mbili zinagusa unyanyasaji wa mtandaoni, na bila ushahidi zote mbili hazina meno. Vituo vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto. Mtoto anaweza kupiga 116 bila malipo, Tanzania na Kenya pia.

Jina la kwenye gemu lisiwe na jina la ukoo, shule wala mwaka wa kuzaliwa. Akaunti ya gemu itumie barua pepe ya peke yake, isiyoungana na ile ya picha za familia. Namba ya simu isitolewe kwa timu ambayo hajakutana nayo. Haya ni mazoea ya dakika kumi, na wasichana wengi huyaanza baada ya kuumizwa.

Kuna matusi yanayovaa sura ya heshima, na wasimamizi wa mashindano huyapokea bila kujua. Mwaka 2016 Kim Se-yeon wa Korea Kusini, aliyekuwa bado msichana wa rika la shule na akitumia jina la Geguri, alicheza gemu ya Overwatch kwa ulengaji mkali kiasi kwamba wapinzani wake walimshtaki kwa kutumia programu ya udanganyifu. Baadhi yao waliapa kuacha gemu kama itathibitika kuwa hana hatia. Blizzard, kampuni yenye gemu hiyo, ilichunguza na kumkuta msafi. Hata hivyo alilazimika kwenda studio na kucheza mubashara, kamera ikiwa juu ya mikono yake, ili watu waamini. Miaka miwili baadaye aliingia Shanghai Dragons, mwanamke wa kwanza katika Ligi ya Overwatch. Wengi husimulia mkasa huu kama hadithi ya ushujaa wake. Ushujaa anao. Lakini msimamizi wa mashindano anapaswa kuusoma kama hadithi ya utaratibu uliokosekana: shutuma ya udanganyifu iwasilishwe kwa maandishi kwa mwamuzi, ikiambatana na rekodi ya mechi, ichunguzwe faragha, na anayeisambaza hadharani kabla ya uamuzi aadhibiwe. Utaratibu huo ukitumika kwa kila mchezaji, hakuna msichana atakayeombwa kuonyesha mikono yake.

Suala linalogawanya watu hata ndani ya vikundi vya wanawake ni mashindano ya wanawake peke yao. Wanaoyapinga husema kontrola haijui jinsia, hivyo kutenga ni kukubali udhaifu. Hoja yao ingekuwa na nguvu kama viti vingegawanywa sawa tangu mwanzo. Kwa sasa mashindano hayo yanafaa, ila yajengwe kama ngazi, yenye mlango juu. Kampuni ya Riot Games ilianzisha mashindano ya wanawake ya Game Changers kwa gemu ya Valorant mwaka 2021, na fainali ya kwanza ya dunia ikachezwa Berlin Novemba 2022, G2 Gozen wakiwa mabingwa. Uzuri wa mpango huo ni kwamba ulikusudiwa kuongezea mashindano ya wazi, wala anayeshiriki hafungiwi mlango wa huko. Mwandaaji wa mtaani aige hilo: bingwa wa siku ya wasichana apate nafasi ya bure kwenye mashindano ya wazi ya mwezi unaofuata, nauli ikiwa ndani ya zawadi.

Kinyume chake ni kilichotokea Urusi mwaka 2019. Klabu ya Vaevictis iliingiza katika ligi kuu ya gemu ya League of Legends nchini humo kikosi kizima cha wanawake ambao hawakuwa na uzoefu wa ngazi hiyo. Habari zilienea dunia nzima. Kisha mechi zikaanza. Walifungwa vibaya, tena na tena, na baadhi ya wapinzani waliamua kuwakejeli kwa kuwazuilia wahusika wa kusaidia tu, wakimaanisha kwamba wanawake hawajui kucheza nafasi nyingine. Riot, kampuni yenye gemu hiyo, ikalazimika kutoa onyo. Hawakushinda mechi hata moja msimu wote, na mwaka 2020 klabu ikaondolewa ligini. Wachezaji wale hawakukosea kukubali nafasi. Waliokosea ni waliowatupa kwenye kina kirefu bila mwaka wa kujifunza kuogelea, huku kamera zikiwa zimeshawashwa. Mdhamini anayetaka timu ya wasichana ya kuzindua mwezi ujao kwa sababu ya picha aambiwe hapana, hata kama ana hundi mkononi.

Fedha nazo zina tabia ya kuondoka. Kampuni ya ESL ilianzisha mwaka 2022 mzunguko wa wanawake wa gemu ya Counter-Strike ulioitwa ESL Impact, ukafanya timu nyingi zilipe wachezaji mishahara. Mwaka 2025 ukafungwa kwa sababu haukujilipa. Timu zilizotegemea mzunguko huo peke yake zilijikuta hazina ligi. Kikundi cha wasichana cha Arusha au Kisumu hakina ligi ya kupoteza, lakini kinaweza kujifunza mapema: udhamini uombwe kwa miaka miwili au mitatu badala ya tukio moja, na fedha iende kwenye vitu vinavyobaki mdhamini akiondoka. Mashine mbili zilizotumika, meza imara, posho ya kocha, mafunzo ya kuwa mwamuzi na mtangazaji. Jukwaa la siku moja lenye moshi na taa likishabomolewa halimfundishi mtu kitu.

Liooon aliwahi kusimulia kwamba miaka miwili kabla ya ubingwa wake, akiwa kwenye foleni ya mashindano, mwanamume mmoja alimwambia kwamba kama yeye ni msichana hapaswi kupanga foleni pale, si mahali pake. Waandaaji wangejisaidia sana kama wangeipitia foleni yao kwa macho ya mchezaji kama Liooon. Nani yupo mezani kuandikisha? Mtangazaji anamwitaje mchezaji wa kike: kwa jina lake la mchezo kama wengine, au kama "mrembo wetu wa leo"? Matangazo ya mubashara yana mtu wa kufuta matusi kwenye maoni, aliyepewa kazi hiyo kabla mechi haijaanza? Picha zinapigwa kwa ruhusa? Mechi ya mwisho inaisha saa ngapi, na daladala ya mwisho au matatu ya mwisho ni saa ngapi? Mfumo wa mashindano uwe ule ambao mtu hutolewa akifungwa mara mbili, kama ufanyavyo EVO, ili aliyetoka mbali asirudi nyumbani baada ya dakika sita. Waamuzi na watangazaji wanawake watafutwe pia. Msichana anayemwona dada akitoa maamuzi mezani hujua kwamba mahali pale pana mwenyewe.

Msichana akifika ngazi ya kupewa mkataba, asitie saini siku anayopewa. Asome unamfunga kwa muda gani, zawadi zinagawanywaje, nani anamiliki picha na akaunti zake, nani analipa nauli na viza, na namna ya kutoka. Aliye chini ya miaka 18 hana budi kuwa na mzazi. Wakili wa familia, shangazi anayefanya kazi benki, mwalimu wa biashara: yeyote mwenye jicho la maandishi ausome naye. Klabu nzuri haikasiriki kusubiri wiki moja.

Mchezaji mwenyewe, kabla ya hayo yote, achague gemu moja na ndani yake mhusika mmoja au nafasi moja, akae nayo miezi mitatu. Awe na daftari. Baada ya kila kipindi cha mazoezi aandike mambo mawili yaliyomfungisha, na kesho yake aanzie hapo kwenye sehemu ya mazoezi kwa dakika ishirini kabla ya kutafuta mpinzani. Mechi alizofungwa azitazame upya. Alizoshinda zinaweza kusubiri. Ajiandikishe mashindano ya kwanza kabla hajajiona yuko tayari, aende na rafiki, avae nguo anazojisikia huru nazo, abebe kontrola yake na maji ya kunywa. Huenda atatolewa mapema. Akitolewa, asikimbilie mlangoni. Amfuate aliyemfunga, amsubiri amalize mechi zake, kisha amwombe wakae kwenye mashine iliyo wazi wacheze michezo mingine kumi.